Nyuzi Tatu na Punda Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Imekamilika! Programu yangu mpya ya salamu imekamilika leo saa tisa alasiri, na kesho inaingia hewani. Nimepiga meza kwa furaha mpaka chai ya jirani ikamwagika. Nimeomba radhi. Wakubwa huomba radhi.

Redio yetu ni ndogo, vyumba vinne na mlingoti juu ya paa, lakini kipindi cha salamu cha saa nne asubuhi kinasikilizwa na kila mwenye masikio. Watu wanapongezana, wanapeana pole, wanatangaza vilivyopotea. Yote yanaingia kwenye kompyuta, na mtangazaji wetu, ambaye kwa utamu wa sauti tunamwita Asali, anayasoma kwenye skrini yake moja baada ya jingine.

Programu ya zamani iliandikwa na Bi Taratibu, mwenzangu wa meza ya pili. Jina hilo la utani nilimpa mimi, na limemkaa. Programu yake ina uzi mmoja tu. Uzi, kwa sisi wa kazi hii, ni kama kibarua aliye ndani ya programu. Kibarua mmoja anapokea salamu, anaiandika, ndipo apokee nyingine. Akiingia msikilizaji mwenye maneno mengi, foleni nzima inalala! Mimi nimeweka nyuzi tatu. Wa kwanza wa meza ya simu, wa pili wa ujumbe unaotumwa kwa simu za mkononi, wa tatu wa kumpelekea Asali. Zote tatu zinatia na kutoa kwenye orodha zile zile mbili, orodha ya majina na orodha ya maneno. Kasi ya ajabu!

Nimeijaribu mwenyewe kwa vidole viwili. Salamu kumi, kosa hakuna. Bi Taratibu kauliza kama nimejaribu watu wawili wakiandika kwa pamoja. Nikamjibu kwamba mimi ni mmoja. Akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi. Kisha akanikumbusha kuwa haraka haraka haina baraka. Nami nikamkumbusha kuwa chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Akarudi kwenye kazi yake.

Jumamosi Bosi anamtangaza mkuu wa kitengo cha kompyuta. Kitengo kina watu wawili. Hesabu rahisi!

Ila kuna jambo kubwa zaidi ya cheo. Ijumaa mama mkwe anatimiza miaka sabini. Ukoo mzima utakusanyika sebuleni kwake kuzunguka redio, na mke wangu ameniomba kitu kimoja tu mwaka huu: salamu yangu isomwe saa nne kamili, vizuri, bila vituko. Miaka minane nimemwoa binti yake, na mpaka leo mama mkwe ananiita "yule wa kompyuta". Wakwe wengine wote ni "mwanangu". Hata yule anayekoroma mezani ni "mwanangu"! Ijumaa, kwa nyuzi tatu, nitakuwa mwana.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya kwanza hewani. Dakika ishirini za mwanzo, raha tupu. Salamu zinamiminika, Asali anasoma bila kupumua, Bosi ananionyesha dole gumba kupitia kioo.

Halafu Asali, kwa sauti ile ile ya utamu, akasoma hivi: "Kwa maharusi wetu wapya: pole sana kwa ajali. Kuteleza si kuanguka. Jikaze, wiki sita si nyingi, utafunguliwa." Kabla sijafunga mdomo akaendelea: "Kwa fundi cherehani aliyevunjika mguu: hongera! Tumeiombea siku hii kwa miaka mingi."

Simu zikalipuka. Bibi harusi analia. Bwana harusi anataka kujua atafunguliwa kutoka wapi. Mke wa fundi cherehani anauliza ni nani hao walioomba kwa miaka mingi.

Bi Taratibu hakucheka. Laiti angecheka! Alichukua karatasi mbili akanieleza taratibu, kama kawaida yake. Uzi wa simu umeandika jina la maharusi kwenye orodha ya kwanza. Kabla haujafika orodha ya pili kuandika maneno yao, uzi wa ujumbe umechomoka, umeandika jina la fundi na maneno ya fundi. Sasa majina yamepangana maharusi kisha fundi, maneno yamepangana fundi kisha maharusi. Wawili wameingiliana. Siku nyingine hawataingiliana, na siku nyingine wataingiliana mara kumi, kutegemea nani kawahi kwa kiasi cha kupepesa jicho. Nikaitikia kwa kichwa kana kwamba nilijua tangu tumboni mwa mama.

Bosi akaniita. Na hapo, sijui lilitoka wapi, nikasikia mdomo wangu ukimwambia kwamba hayo ni mashindano mapya! Yanaitwa Nani Kasalimiwa Nini. Msikilizaji anapiga simu kutambua salamu iliyopotea njia. Bosi alinikazia macho, kisha akaangua kicheko, akaagiza yatangazwe papo hapo. Simu ziliongezeka mara tatu! Mimi ni moto wa kuotea mbali.

Kadiri simu zilivyoongezeka ndivyo salamu zilivyozidi kuvurugika, lakini leo hilo lilikuwa faida.

Jumatano, 5 Machi

Bosi kabadili mawazo. Mama wa bibi harusi ni binamu wa mke wake. Mashindano yamefutwa, na salamu zitengenezwe kufikia saa nne. Saa mbili na nusu ndiyo kaniambia!

Nikapata wazo: kufuli. Kila orodha niifunge kwa kufuli yake. Uzi ukitaka kuandika, ushike kwanza kufuli, na mwingine usubiri nje mpaka iachiwe. Kufuli mbili kwa orodha mbili. Dakika arobaini, kazi imekwisha. Niliimba.

Saa nne na dakika kumi na mbili, skrini ya Asali ikaganda. Hakuna salamu. Hakuna kosa. Hakuna chochote, kimya kama maji mtungini.

Mtangazaji hawezi kunyamaza hewani. Asali akataja saa. Akataja hali ya hewa. Akataja saa tena. Alipoishiwa akasoma kilichokuwa ukutani mbele yake, yaani maelekezo ya mtungi wa kuzimia moto: toa pini, elekeza kwenye chanzo cha moto, usiogope. Akayasoma mara tatu kwa hisia kali. Baada ya dakika tisa gari la zimamoto likaingia uani. Limeletwa na wasikilizaji kumi na wanane!

Wakati wazimamoto wakikagua jiko letu la chai, Bi Taratibu alikuwa amekwishaliona tatizo. Uzi wa simu umeshika kufuli ya majina, unangoja kufuli ya maneno. Uzi wa ujumbe umeshika kufuli ya maneno, unangoja kufuli ya majina. Hakuna atakayeachia cha kwanza kabla hajapata cha pili. Watangojana mpaka kiama. Akauliza kwa nini uzi mmoja unaanzia majina na mwingine unaanzia maneno. Nikasema niliziandika siku tofauti, nikiwa na furaha tofauti.

Jioni nyumbani nimeona jambo la ajabu. Mke wangu ameshika sufuria anangoja mwiko. Mimi nimeshika mwiko nangoja sufuria. Tumetazamana kitambo. Kisha akaniuliza salamu ya mama imefikia wapi, na kama yale ya mtungi wa moto ni yangu. Nilimwambia Ijumaa aniachie mimi. Akasema hapo ndipo anapoogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua hazina! Kumbe ziko orodha zilizotengenezwa tayari na mabingwa, zinajifunga na kujifungua zenyewe. Zinaitwa orodha salama. Jina lenyewe linasema! Nimetoa zangu mbili mbovu, nimeweka mbili salama, nimefuta kufuli zangu zote. Hakuna tena kuganda. Nilitembea ukumbini kifua mbele, nikampa Dada wa Simu, anayepokea simu zote za kipindi, pole kwa kazi kubwa inayomjia.

Saa nne kipindi kikaanza. Hakuna kuganda, kweli. Lakini daktari wa meno kapongezwa kwa kuota jino la kwanza, na mtoto wa miezi sita kashukuriwa kwa utumishi wa miaka thelathini.

Bi Taratibu akanijia na karatasi. Hakunisimanga, akavuta kiti. Alisema kila orodha kweli ni salama ikiwa peke yake. Hakuna jina litakalopotea, hakuna neno litakaloharibika. Ila salamu moja inaishi kwenye orodha mbili, na kati ya kuandika jina na kuandika maneno pana upenyo, na mwenye haraka hupita hapo hapo. Orodha haiwezi kulinda ahadi ambayo haijui. Dawa yake: jina na maneno vitiwe kwenye bahasha moja, bahasha ziwe kwenye orodha moja, na anayetia atie bahasha nzima au asitie kabisa. Saa mbili za kazi, alisema. Akaahidi kunisaidia, na mbele ya Bosi aseme ni kazi yetu sote.

Kazi yetu sote! Nimeuona mtego. Siku mbili kabla ya cheo kutangazwa, nikubali bahasha za Bi Taratibu? Fahali wawili hawakai zizi moja. Nikamshukuru sana, nikasema nitaitafakari karatasi yake. Imenifaa kweli. Niliikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza, na sasa meza haichezi.

Hata hivyo alinifungua akili bila kujua. Kosa linatokea wawili wakiandika kwa pamoja. Basi kesho saa nne kasoro dakika moja asiandike mwingine ila mimi! Nitachomoa waya wa simu za kipindi, nitamtuma Dada wa Simu akaninunulie vidonge vya kichwa, nitakaa kwenye kiti chake, na salamu ya mama mkwe itaingia peke yake kama mfalme. Nimeiandika usiku huu kwa mkono mara tano. Ya tano imenitoa machozi.

Ijumaa, 7 Machi

Nitaandika yote.

Saa nne kasoro dakika tatu nilichomoa waya. Dada wa Simu alikuwa njiani kwenda duka la dawa. Nikakaa. Saa nne kasoro sekunde chache nikabonyeza. Jina: mama mkwe. Maneno: yale ya mara ya tano. Uzi wa simu ulikuwa wangu peke yangu!

Uzi wa ujumbe niliusahau. Niliutengeneza kwa mikono yangu miwili, nikausahau.

Sekunde ile ile, mahali fulani, muuza maji alikuwa ametuma tangazo kuhusu punda wake. Na Asali, aliyekuwa amepewa habari kwamba hii ni salamu maalumu, akaweka muziki laini nyuma, akasoma polepole:

"Kwa mama mkwe wangu mpendwa, kutoka kwa mkweo. Amepotea tangu juzi. Ni mzee, rangi ya kijivu, sikio moja limekatika. Ni mkaidi na anakula chochote. Ukimwona usisimame nyuma yake. Atakayempata amfunge kamba, atoe taarifa."

Muziki ukapanda. Ukashuka.

"Kwa punda wa muuza maji. Hongera kwa kutimiza miaka sabini. Wewe ndiwe nguzo ya ukoo huu. Umetubeba wote mgongoni bila kulalamika. Wajukuu wanakusubiri kwa hamu."

Niliona nyota mchana.

Shemeji, mdogo wa mke wangu, alipiga simu akicheka mpaka hakusikika anasema nini. Nilichoambulia ni kwamba wakati wa kusomwa mama mkwe alijishika masikio yote mawili, kuhakikisha. Jamaa wa mbali waliosikilizia makwao waliamini kapotea kweli. Binamu wawili wametoka na kamba. Muuza maji naye kapiga: kampata punda, anashukuru kwa maneno mazuri, ila miaka sabini tumetia chumvi.

Mke wangu kanitumia ujumbe mmoja. Ananiuliza niliombwa nini. Nimeona haya, na haya ya kweli, si ya kuandikia shajara. Alitaka kitu kimoja.

Jumamosi, 8 Machi

Bosi kamtangaza Bi Taratibu. Makofi. Nimepiga na mimi, kwa mkono mmoja hasa.

Jana mchana alikaa saa mbili akatia zile bahasha zake. Nyuzi kaziacha tatu vile vile! Leo asubuhi simu mia mbili na kumi, ujumbe mia tatu na zaidi, na kila pole imefika kwa mgonjwa na kila hongera kwa aliyestahili. Alinishukuru mbele ya watu kwa wazo la nyuzi. Nilitafuta kejeli ndani ya maneno yake sikuiona, jambo lililoniudhi zaidi.

Saa nne kasorobo mama mkwe akaingia kituoni mwenyewe. Kavaa ile nguo yake ya sherehe, mkoba mkononi. Hakunisalimia. Alinipa mkoba niushike. Bi Taratibu akamkalisha studio karibu na Asali, akamvalisha vipokea sauti, na saa nne kamili salamu yangu ikasomwa. Maneno yangu! Yote, mahali pake, kwa jina lake. Nilimwona kupitia kioo akipangusa macho na ncha ya kitambaa. Alipotoka akamshika Bi Taratibu mikono yote miwili na kumwambia asante sana, mwanangu.

Mwanangu! Wamejuana dakika kumi na tano. Iliniuma, na hapa sifanyi mzaha. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu, yaani wake, nikajikaza kisabuni.

Kisha akanigeukia. Akatoa kwenye mkoba karatasi ndefu yenye majina sitini na matatu ya ukoo, kwa mwandiko wake. Kufikia kesho saa kumi jioni kila mmoja awe amepigiwa simu, mara moja tu, kwa adabu, aombwe radhi na aambiwe kwamba mama hajapotea na hana kamba shingoni. Jioni yeye mwenyewe atawauliza. Wote wakisema wamepigiwa, ataangalia upya suala la kuniita. Alisema hivyo hivyo, ataangalia upya!

Bado nina nafasi.

Jumapili, 9 Machi

Saa mbili asubuhi tuko mezani. Mimi, mke wangu, shemeji. Simu tatu, orodha moja, penseli moja.

Mke wangu alileta mkasi. Alitaka kuikata orodha vipande vitatu, kila mtu na majina yake ishirini na moja. Nilimcheka kwa upole. Je, mmoja akimaliza mapema atakaa bure? Nikaeleza mpango wangu: orodha ikae katikati, kila mtu atupie jicho, achukue jina lolote ambalo halijafutwa, apige, aombe radhi, kisha ndipo arudi alifute. Kasi! Mke wangu akauliza wawili wakitupia jicho jina lile lile itakuwaje. Nikamwambia sisi ni watu, si kompyuta. Akaweka mkasi kando, akachukua simu.

Ilikwenda mbio ajabu. Kufikia saa sita majina yote sitini na matatu yamefutwa! Nilimkumbatia shemeji. Nilimpigia Bi Taratibu kumjulisha kuwa mtu anaweza kufanya kazi kubwa bila bahasha. Akauliza kama tulifuta jina kabla ya kupiga au baada ya kupiga. Nikamtakia Jumapili njema.

Saa nane yakaanza kuingia malalamiko. Shangazi mkubwa, asiyesamehe hata mvua, hajapigiwa na mtu. Mimi nilifuta jina lake nikidhani mke wangu kampigia, na mke wangu alikwishadhani ni shemeji. Wa namna hiyo wako tisa. Na mjomba mkubwa, kaka wa mama mkwe, ambaye jina lake liko juu kabisa, kapigiwa mara tatu, na kila mmoja wetu. Radhi ya kwanza aliipokea. Ya pili akashangaa, akakaa chini. Kufikia ya tatu aliamini dada yake kafariki na tunatafuta namna ya kumwambia, akapanda basi la kwanza.

Kafika kwetu sasa hivi, koti jeusi, macho mekundu. Saa tisa na nusu. Mke wangu kaenda jikoni na ule mkasi wake, na sijui anakata nini. Mama mkwe anaingia baada ya nusu saa. Lakini sijakata tamaa hata kidogo, kwa sababu hatimaye nimeona tulikosea wapi: tulikuwa wachache!

Nimeandika orodha upya, yote. Nimemkalisha mjomba, nimempa chai na simu. Sasa tuko wanne.